Punda aking'atwa na nyoka puani

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko Igunga, nasomba maji kwa mkokoteni wa punda. Mwezi uliopita dume langu liling'atwa na kifutu puani, jioni malishoni. Tulimkaza kamba ya kichwani ili atulie, jirani akaleta jiwe la nyoka, kisha tukamnywesha mafuta ya taa kwa chupa. Usiku kichwa kilivimba vibaya, akawa anakoroma, alfajiri akafa. Nimebaki na jike. Ikitokea tena, nifanye nini kabla mtaalamu hajafika?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Hapo uliposema "anakoroma" ndipo penye jibu. Ng'ombe akizibwa pua atatoa ulimi na kuhemea mdomoni. Punda hawezi, na farasi vilevile: njia yao ya hewa ni pua peke yake. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama, na punda hupenyeza pua kwenye nyasi kabla hajaona kilicholala humo. Kwa maelezo yako, naamini dume lako lilikosa hewa kabla sumu haijammaliza.

Kwa hiyo fungua kamba ya kichwani mara moja, maana uvimbe utaigeuza kitanzi. Kisha tafuta mpira wa kumwagilia bustani unaoingia puani bila kubana, ukate vipande viwili vya kama sentimita 15. Lainisha ncha kwa kisu au moto ili zisichane, upoze, paka mafuta ya mgando, ingiza kimoja kila tundu. Elekeza chini, upande wa katikati ya pua. Ukipitisha juu utaishia kwenye kifuko kisichokwenda popote. Acha sentimita tatu zibaki nje na uzifunge kwa plasta kuzunguka pua, asije akavuta mpira ndani. Huna mpira? Bomba la sindano la mililita 20 lililokatwa ncha zote mbili hufaa. Fanya hivi uvimbe ukiwa bado mdogo. Pua ikishaziba, kinachobaki ni daktari kutoboa koo la hewa, na hilo usilijaribu mwenyewe.

Asitembezwe. Nimeona watu wakimswaga punda kilomita kadhaa kumpeleka kwa bwana mifugo, kumbe kila hatua inasukuma sumu mwilini. Mpigie afisa mifugo aje, punda akae kivulini. Usichanje, usifunge mpira wa kuzuia damu, usichome. Jiwe la nyoka halinyonyi chochote. Mafuta ya taa ndiyo mabaya zaidi, kwani mnyama aliyevimba koo huyavuta mapafuni.

Dawa ya kuua sumu ipo, lakini ni ghali na ni nadra kuikuta katika duka la dawa za mifugo. (Nyingi hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, ila usidhani farasi wa kawaida ana kinga hiyo.) Mtaalamu atampa dawa ya maumivu, ambayo kwa punda huisha mwilini haraka kuliko kwa farasi, hivyo hurudiwa mapema, na antibayotiki jeraha likianza kuoza. Mwombe pia kinga ya pepopunda. Ugonjwa huo haukupewa jina hilo bure.

Akiwa ameng'atwa na koboko mambo ni tofauti: uvimbe ni mdogo au haupo, midomo inalegea, anayumba, mwisho misuli ya kupumulia inagoma. Hapo mipira haisaidii, na muda ni mfupi mno.

Akipona, angalia kula. Punda anayesusa chakula siku mbili tatu huanza kujaa mafuta kwenye damu, na hayo nayo huua. Mpe majani mabichi na pumba zilizolowekwa. Mkokoteni usimfunge kwa angalau mwezi, hata akionekana mzima, kwa sababu sumu huweza kuumiza moyo bila dalili za nje. Vipande viwili vya mpira vikate leo, uvitundike pale unapotundika kamba zake.