Jibu: Kigali Arena na BK Arena ni ukumbi mmoja

Habari mkuu. Umeuliza kama Kigali Arena na BK Arena ni kumbi mbili, maana kwenye orodha yako ya mechi zimekaa tofauti. Ni ukumbi uleule. Mi nikipanga rekodi za basketi kitu cha kwanza naangalia tarehe, ikiwa kabla ya Mei 2022 weka Kigali Arena, baada ya hapo Bank of Kigali walinunua haki ya jina ndo ikawa BK Arena.

Ilifunguliwa Agosti 2019 pale Remera, jirani na Amahoro (usichanganye, ule ni uwanja wa mpira), watu 10,000 wanakaa, na Waturuki wa kampuni ya Summa waliijenga ndani ya miezi kama sita hivi, kasi ambayo mpaka leo naiheshimu sana. Kwahiyo BAL (ligi ya basketi ya klabu za Afrika) ya kwanza ya 2021 waliyobeba Zamalek ya Misri na AfroBasket (kombe la basketi la mataifa ya Afrika) ya mwaka huohuo zote andika Kigali Arena, ila shoo ya Kendrick Lamar ya Desemba 2023 hiyo ni BK Arena.