Zamu ya kwanza: maswali ya madaktari wapya

Nilifaulu vizuri chuoni, lakini nikiitwa wodini usiku mikono inatetemeka. Nilifundishwa nini basi?

Ulifundishwa kutambua ugonjwa, tena vizuri. Ulichopunjwa ni mazoezi ya kuamua. Kwenye mtihani mgonjwa huja na maelezo kamili. Wodini unamkuta anahema, faili lina karatasi mbili, na muuguzi anasubiri useme neno. Unajua gentamisini, dawa ya kuua bakteria, inatibu nini. Haya, andika: miligramu ngapi kwa uzito huu, kila baada ya saa ngapi, na figo zake zikoje? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuandika dawa mwaka 1994, wenye hatua sita, kuanzia kulitaja tatizo la mgonjwa hadi kumfuatilia. Usome ukiwa na mgonjwa wako kichwani, ndipo utakapouelewa.

Nikimpigia simu daktari bingwa saa nane usiku, si ataona sijui kazi?

Piga. Mwaka wangu wa kwanza nilisita, nikaongeza dripu na kusubiri kupambazuke. Mgonjwa alikuwa anavuja damu tumboni. Alifika chumba cha upasuaji akiwa hoi. Alipona, ila zile saa tatu sijazisahau. Hakuna somo lililonifundisha kuomba msaada, na pengo hilo naliona kubwa kuliko la dozi. Anza na unachotaka: “Naomba uje. Nina mama wa miaka 40, presha 80 kwa 50, mapigo 130, tumbo limekaza.” Historia ndefu itafuata. Na muuguzi mzoefu akikwambia, “Daktari, hali ya huyu siipendi,” rudi kitandani hata kama umetoka hapo sasa hivi.

Kuwaambia ndugu kwamba mgonjwa amefariki, kunafundishika?

Kunafundishika. Mwaka 2000 madaktari wa saratani walichapisha hatua sita za kutoa habari mbaya, ziitwazo SPIKES. Ya kwanza ni mazingira: tafuta chumba, kaa, zima simu. Waulize wanajua nini mpaka sasa. Kisha sema “amefariki”. Ukisema “tulijitahidi, hali ikabadilika”, mama mtu atakuuliza anaruhusiwa lini kumwona mwanawe. Ukishalitamka, nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia kueleza vipimo.

Chuo kiongeze mwaka mmoja wa masomo?

Sioni haja. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe wagonjwa wachache wa kwake, aandike dawa na mkuu wake azipitie kabla ya kusaini, na jioni akabidhi zamu mwenyewe.