Barua kwa mwanangu muuza dagaa

Mwanangu,

Huku Ujiji hatujambo. Swali lako nimelielewa: una wafuasi elfu tisa Instagram, unaposti kila siku, watu wanalaiki na kupita, wanunuzi ni walewale kumi na wachache. Unauliza ulipie matangazo au utafute mtu maarufu akusemee. Kwa sasa usilipie chochote. Fungua ukurasa wako ukiwa kama mgeni, soma posti 30 za mwisho. Karibu zote zinasema "dagaa wapo, karibuni". Sasa hapo mtu akujibu nini?

Halafu ile "bei inboksi" iondoe leo hii. Mteja anaisoma hivi: huyu ananipima mfuko kwanza. Andika bei, uzito na nauli ya kumfikishia mzigo juu ya picha yenyewe, maana wengi hawasomi maelezo ya chini. Atakayekimbia bei angekimbia hata inboksi, tena baada ya kukumalizia bando.

Hofu ya mnunuzi wa dagaa wa Kigoma ni mchanga. Walioanikwa chini na walioanikwa kwenye chanja, ukiwatia pakiti nzuri ukawapiga picha, hakuna anayewatofautisha. Kwa hiyo mwoneshe. Chukua pakiti yoyote katika zile za kuuza, usichague. Simu iegemeze mahali pamoja, video usiikate katikati, kwa sababu pale inapokatika ndipo mtu anaposema "hapo kabadilisha". Bakuli liwe jeupe. Tia viganja viwili vya dagaa, maji, koroga, watoe dagaa kwa mkono, subiri kidogo maji yatulie, kisha yamwage polepole mpaka kitako cha bakuli kionekane. Kukibaki chembe, ziache zionekane, useme: "Mzigo huu uoshwe mara mbili." Sekunde 40 zinatosha. Anza na bakuli moja kwa moja. Ile nembo yako inayozunguka mwanzoni inafukuza watu kabla hujasema neno.

Sababu ya kukusumbua na bakuli ni hii. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza mwaka 2025 kwamba mambo makubwa yanayosukuma posti ni muda inaotazamwa, laiki, na mara ngapi watu wanatumiana. Na huko kutumiana ndiko hasa kunakoifikisha kwa wasiokufuata. Nani atamtumia shangazi yake picha ya "dagaa wapo"? Ya mchanga atamtumia, hasa kama juzi walilalamikia dagaa wa mahali pengine.

Komenti zijibu siku hiyohiyo, na usimwage "asante karibu" kwa kila mtu. Aliyeandika "watamu hawa" muulize aliwapika kwa mawese au kwa nazi; hapo ataongea, na mwingine atamkosoa, na wewe utapata posti ya kesho kwa maneno yao. Anayelalamika usimfute wala usimkimbize inboksi kimyakimya. Mjibu mbele ya watu: "Pole dada, nitumie picha ya pakiti, leo hii nalishughulikia." Malizaneni faraghani, kisha rudi palepale uandike ulichofanya. Wengi wanaosoma lalamiko hawamtazami mlalamikaji, wanakutazama wewe.

Jambo jingine ni mbalamwezi. Wavuvi wetu huwavuta dagaa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, samaki wanatawanyika, mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Mzigo unapungua, bei inapanda. Ukinyamaza utaonekana mlanguzi. Tangaza wiki moja kabla, na sababu yake, na bei mpya. Vilevile Ziwa Tanganyika likifungwa, uvuvi ukasimamishwa, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, waambie mapema una akiba ya kilo ngapi, na wateja wa zamani wapate kwanza.

WhatsApp ndipo utakapowatunza hao. Orodha moja ya kutangazia hubeba watu 256, ila ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana ulituma kwa mia mbili wakajibu watano. Kila pakiti itie kikaratasi: namba yako, na "hifadhi namba hii upate taarifa ya mzigo mpya". Usimtie mtu kwenye kundi bila ruhusa yake.

Kununua wafuasi, au shindano la "nifuate, tagi watatu ushinde simu", achana nalo. Watakuja wanaotaka simu.

Wiki hii waandikie wote walionunua mwezi uliopita, mmoja mmoja kwa jina lake, uwaulize maswali mawili: uliwapikaje, na kipi hakikukupendeza? Usiwauzie kitu humo. Majibu yaandike daftarini kama walivyosema. Kila Jumapili andika humo pia walionunua mara ya pili ni wangapi, na maswali yaliyokuja ni mangapi. Idadi ya wafuasi usiiandike kabisa.

Ile video ya bakuli, nitumie kabla hujaiweka. Nataka niyaone hayo maji.

Mama yako