Maswali ya Wasomaji: Alama za Mitaa Yetu Dar es Salaam

SWALI: Ndugu Mhariri, mjukuu wangu ameniuliza kwa nini jiji la nchi huru linaendelea kuitunza Sanamu ya Askari, ilhali ilisimamishwa na wakoloni. Nilimjibu juu juu tu, na jibu langu halikuniridhisha mimi mwenyewe. Je, isingefaa iondolewe?
Babu wa Upanga

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Swali la mjukuu wako ni zito, na halijibiki bila kurudi nyuma kidogo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini humu sanamu ya Hermann von Wissmann, kiongozi wa majeshi yaliyouzima upinzani wa Abushiri katika mwambao wetu mwaka 1889. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916 na baadaye wakaing'oa. Hatimaye ilisimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha, wala haikuinuliwa tena. Kwa hiyo sanamu huondolewa, na zipo zinazostahili kuondolewa.

Ya Askari, iliyozinduliwa na Waingereza mwaka 1927, siihesabu miongoni mwa hizo. Anayekumbukwa pale si gavana wala jenerali, bali ni Mwafrika aliyepelekwa katika Vita Kuu hiyo, na maandishi ya chini yake, yaliyochongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, hayamtaji askari peke yake. Yanawataja pia wapagazi, wakiitwa miguu na mikono ya jeshi: wanaume waliobeba risasi na unga kutoka pwani hadi bara, wakafa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na malaria, na walio wengi kati yao hawana kaburi linalojulikana. Maandishi hayohayo yanadai kwamba walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Dai hilo ni la waliolichonga, na ni vyema kijana alisome akijua hivyo. Lakini tukiiondoa sanamu yote kwa sababu ya dai hilo, tutakuwa tumewaondoa na hao wapagazi.

Tena iko sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mahali huwa pa watu kwa jinsi watu wanavyopatumia, hata kama aliyepaanzisha alikuwa na nia nyingine kabisa. Kwa vizazi kadhaa wakazi wa jiji hili wameagizana wakutane Askari, na mgeni akielekezwa katikati ya mji huambiwa kwanza afike hapo. Nikitafuta ushahidi ulio wazi kuliko huo, nauona Mnazi Mmoja. Uwanja ule uliachwa wazi na watawala ili uwe mpaka, Waafrika wa Kariakoo na Ilala wabaki upande mmoja, na mitaa ya Wahindi na Wazungu ibaki upande wa pili. Basi ni katika uwanja huohuo wa kutenganisha ambako TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 hatua chache tu kutoka hapo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ilifanyia mikutano ya hadhara iliyokusanya umati wa watu kudai uhuru. Leo Mnara wa Mwenge umesimama pale, Maulidi husomwa pale, na jioni mtu humkuta mwanafunzi na kitabu chake kando ya wazee waliokaa kupunga upepo. Mpeleke mjukuu wako katika sehemu zote mbili kwa siku moja, umuonyeshe kwa macho kile ambacho maneno ya babu peke yake hayakutosha kukieleza.

SWALI: Tangu soko la Kariakoo liungue mwaka 2021 nimekuwa nikibishana na wenzangu dukani. Wao husema lile jengo la zamani halina thamani yoyote, na kwamba lingevunjwa lote lijengwe ghorofa la vioo. Ninyi mnasemaje?
Mfanyabiashara, Mtaa wa Swahili

JIBU: Tunasimama upande wako. Jengo lile lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Yeyote aliyewahi kusimama ndani yake anakumbuka paa lake la zege, lililopangwa kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa. Umbo hilo halikuwa pambo. Miavuli ile ilikinga maji ya mvua na kuyateremsha kwenye matangi yaliyo chini, huku nafasi zilizo kati yake zikiruhusu hewa na mwanga kupita, hivi kwamba nyanya na ndizi za muuzaji hazikuhitaji mashine ya kupoza. Ghorofa la vioo katika joto la Februari lingekuwa kikaango kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Kujenga jengo jipya pembeni ili wafanyabiashara wapate nafasi ni jambo la lazima, lakini kulifuta lile la zamani kungekuwa ni kuitupa akili ya mtu wetu aliyelielewa jua letu na mvua yetu.

Waambie wenzako pia kwamba eneo hilo ndilo lililokuwa kambi ya wale wapagazi tuliowataja hapo juu, ambao kikosi chao, kilichoitwa Carrier Corps kwa Kiingereza, ndicho kilichoupa mtaa jina lake, kama ilivyokuwa pia kule Kariokor, Nairobi.

SWALI: Katika mtaa wetu upo mwarobaini mkubwa, na chini yake pana kijiwe cha kahawa na bao ambacho marehemu baba alikikuta. Sasa tunasikia eneo hilo limepata mtu wa kujenga. Je, sheria ya mambo ya kale inaweza kutusaidia?
Mkazi wa Magomeni

JIBU: Ndugu yetu, tusikufariji kwa uongo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mengine yote ni mpaka yatangazwe rasmi. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, na hata Boma la Kale lilijengwa baada ya mwaka huo, sembuse kijiwe cha Magomeni. Tunaiona hiyo kuwa kasoro kubwa ya sheria, kwa sababu inapima umri wa mawe na haina kipimo cha uzito wa mahali katika maisha ya watu. Mti ambao chini yake magazeti husomwa kwa sauti, misiba hutangazwa na michango ya harusi huandikwa daftarini, haumo ndani ya sheria hiyo.

Anzeni kwa kuuliza eneo hilo limeandikwaje katika mchoro wa mipango miji wa manispaa. Likiwa ni kiwanja cha mtu chenye hati, sheria iko upande wake, na kilichobaki ni kumwendea kwa adabu, wazee wakitangulia, kumwomba auache mti na kibaraza. Wapo wenye viwanja waliokubali. Likiwa ni eneo la wazi, mambo ni tofauti, kwa kuwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji, na wananchi wana haki ya kutoa pingamizi. Ombeni jambo hilo lijadiliwe katika mkutano wa mtaa, na mhakikishe uamuzi umeandikwa katika muhtasari na kupigwa muhuri kabla mwenyekiti hajaondoka. Pingamizi hilo liandikwe kwa jina la wakazi wote, si la wacheza bao peke yao, na mama anayeuza vitumbua pale asubuhi awe miongoni mwa watakaotia saini.