Ukisoma Vifaru vya Waingereza, Mtafute Askari wa Miguu

Wewe unayeanza kusoma habari za vifaru vya Vita Kuu ya Pili, kuna kosa lililonichelewesha miaka, na sitaki likucheleweshe. Nilikuwa nachukua jedwali, natazama mwendo, nahukumu. Matilda ya kwanza, kifaru cha Waingereza: kilomita 13 kwa saa, bunduki moja ya rashasha, watu wawili ndani. Nikaidharau.

Waingereza walikuwa na vifaru vya kasi, vya kumzunguka adui, na vingine vya kuandamana na askari wa miguu. Hivi vya pili, Matilda ikiwamo, mbio havikuzihitaji. Mtu anayevuka uwanja mtupu chini ya risasi anataka chuma kinene kimtangulie, kinyamazishe rashasha za adui, na kisimwache.

Soma mapigano ya Arras, Ufaransa, 21 Mei 1940, Waingereza walipowashambulia Wajerumani, na uyasome taratibu. Matilda zilikuwa 74, na 16 tu ndizo za aina ya pili, zile kubwa zenye mzinga. Wajerumani wa Jenerali Rommel walizipiga kwa mizinga ya milimita 37, risasi zikadunda, maana Matilda kubwa ilivaa chuma cha hadi milimita 78. Ikabidi wazielekezee mizinga mizito, pamoja na ile ya milimita 88 ya kutungulia ndege. Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita: mawasiliano ya redio yalikuwa mabovu, vifaru vikatangulia, askari wa miguu wakaachwa nyuma. Makamanda wa vikosi vyote viwili vya vifaru vya Waingereza waliuawa siku hiyo.

Kisha uliza ndani ya kifaru mlipakiwa nini. Mzinga wa Matilda kubwa, wa milimita 40, ulipewa risasi za kutoboa chuma, bila kombora la kupasuka. Jiweke ndani yake: mbele yako kuna handaki lenye magunia ya mchanga na rashasha. Unafyatua, gunia linatoboka tundu, rashasha inaendelea kulia, na wenzako waliolala chini nyuma yako hawawezi kuinuka. Kwangu mimi, kasoro hii ni nzito kuliko mwendo wowote wa pole.

Halafu nenda Tunisia, Aprili 1943, kilima cha Longstop. Churchill, kifaru cha karibu tani 40, kilipanda miteremko ambayo Wajerumani hawakutegemea kifaru kuipanda. Kilipanda polepole, na askari wa miguu walikuwa pamoja nacho.