Hamisha "will" kabla hujamtumia mgeni sentensi hiyo

Futa kwanza hiyo sentensi, mdogo wangu, ndipo tuzungumze. Umeuliza namna ya kuuliza mambo yajayo kwa Kiingereza, tofauti ya "will" na "going to", na kama "shall" bado inatumika. Mimi nimekwama kwenye mfano wako, "You will bring your own food", unaotaka kumtumia mgeni wa Jumamosi kumuuliza kama atakuja na chakula chake, kwa sababu sentensi ya namna hiyo ilinigharimu shilingi 380,000.

Nilikuwa nikiwapangia wageni wanne safari ya boti kutoka Mwanza kwenda Ukerewe na kurudi. Nikitaka kujua kama boti tutalipia sisi wenyeji, niliandika kwenye simu: "We will pay for the boat". Kichwani mwangu hilo lilikuwa swali kamili, maana kwa Kiswahili "tutalipia boti" huwa swali kwa kupandisha sauti tu, au kwa kutanguliza "je", na hakuna neno linalohama. Mgeni hakuisikia sauti yangu. Alisoma ahadi, akajibu kwa asante nyingi, nami nikadhani ananishukuru kwa kuuliza. Siku ya safari, tukiwa tumeshashuka mwaloni na mwenye boti amekinga mkono, wote wanne walinitazama mimi. Nililipa boti na petroli huku nikitabasamu, na nyumbani naitwa "mfadhili" hadi leo.

Aliyenipoteza ni mwalimu wa tuisheni aliyetuambia kwamba ukiweka alama ya kuuliza mwishoni, Mzungu ataelewa. Miezi mitatu ya ada kwa elimu ya ndoano na kitone! Hata ningeiweka, "We will pay for the boat?" ingesikika kama mtu anayeshangaa au anayehakikisha alichokwisha kuambiwa.

"Will" imtangulie mtenda, na kitenzi kibaki kitupu: "Will we pay for the boat?" Likiwapo neno la kuulizia, hilo hukaa mbele kabisa na "will" hulifuata papo hapo: "When will you come?", wala si "When you will come?", ingawa sisi husema "utakuja lini" na "lini" ikakaa mkiani. Usiite "do" isaidie, kwani "Do you will come?" ni kosa.

Kwa hiyo mwandikie mgeni wako: "Will you bring your own food?" Akikujibu kwa asante tu, mpigie simu.