Khanga ya Vuli: Kuchapa Data za Setilaiti Bila Kuzisingizia

Msomaji mmoja anayesoma jiografia chuoni ameniandikia akiuliza aache kipi, utafiti wa tabianchi au usanifu wa picha, maana ameambiwa mtu hawezi kushika vyote viwili. Jibu langu: asiache hata kimoja. Ila asifuate mtindo uliozoeleka hapa mjini, wa kumaliza utafiti kwanza, kisha kumtafuta mtu wa "kupendezesha". Inauma kuona msanifu akiitwa siku ya mwisho kama mpambaji wa ukumbi, wakati maamuzi yote yaliyomhusu yameshapita. Data yenyewe ndiyo iamue kitengenezwe nini, kwa ukubwa gani na kwa rangi ngapi. Nitaeleza kwa kazi moja inayowezekana Dar es Salaam kwa kompyuta ya kawaida na bando la simu: khanga inayoonyesha mvua za vuli tangu mwaka 1981.

Kwa nini vuli na si masika? Mvua za Oktoba hadi Desemba huyumba sana mwaka hadi mwaka, kwa sababu zinafuata joto la bahari: El Niño kule Pasifiki, na tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Tena watu wanazikumbuka. Mtajie mama yeyote wa Mbagala El Niño ya 1997, atakwambia alikuwa akiishi wapi. Mgao wa maji wa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, hata wanafunzi wa sekondari wanaukumbuka. Ukitaka kuelimisha umma, anzia kwenye kumbukumbu waliyonayo.

Data inapatikana bure ndani ya Google Earth Engine, jukwaa la mtandaoni la kuchambua data za setilaiti, kwa kazi zisizo za biashara. Tafuta UCSB-CHG/CHIRPS/DAILY. CHIRPS huchanganya vipimo vya setilaiti vya joto la mawingu na vipimo vya vituo vya mvua vya ardhini, na pikseli yake, yaani kijimraba kimoja chenye namba moja ya mvua, ina upana wa nyuzi 0.05, kama kilomita 5.5. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mkoa wa Dar es Salaam una takribani kilomita za mraba 1,400, na pikseli moja inabeba karibu 30. Mkoa mzima, basi, haufiki pikseli 50. Sinza na Manzese zinaweza kukaa ndani ya pikseli moja. Anayechora "ramani ya mvua kwa kata" kutokana na data hii, akailainisha mpaka ikang'aa, anawaonyesha watu kitu ambacho setilaiti haikukiona. CHIRPS ina nguvu kwenye muda, ni dhaifu kwenye mahali. Kwa hiyo umbo sahihi ni mistari, mmoja kwa kila vuli, kwa mkoa mzima. Mwanasayansi wa tabianchi Ed Hawkins wa University of Reading alifanya hivyo kwa joto mwaka 2018, na mistari yake imezunguka dunia kwa sababu haijaribu kusema zaidi ya ilichonacho.

Chuja miezi ya 10 hadi 12, jumlisha mvua ya kila siku kwa kila mwaka, kisha chukua wastani wa pikseli zote zilizo ndani ya mpaka wa mkoa. Jumlisha, usitafute wastani wa siku, la sivyo utapata milimita tatu nne na kujiuliza mvua imekwenda wapi. Kutoka 1981 hadi 2024 utapata safu 44. Gawa kila jumla kwa wastani wa 1991–2020, zidisha kwa 100. Kisha kagua: 1997, 2019 na 2023 Afrika Mashariki ilipata vuli za mvua nyingi sana. Kama kwenye jedwali lako miaka hiyo haijitokezi, usianze kuchora. Rudi ukaangalie miezi na mpaka.

Rangi ni suala la pesa kabla ya kuwa suala la macho, kwa sababu kila rangi inadai skrini yake, yaani fremu yenye wavu ambao rangi hupenyezwa hadi kwenye kitambaa. Makundi matano yanatosha: chini ya asilimia 50 kahawia iliyokolea, 50 hadi 75 kahawia hafifu, 75 hadi 125 weupe wa kitambaa, 125 hadi 150 bluu hafifu, zaidi ya 150 bluu iliyokolea. Wastani umeachwa bila rangi, hivyo unahitaji rangi nne tu. Usitumie nyekundu na kijani pamoja, kwani wapo wanaume wengi wasiozitofautisha, na usitumie rangi zote za upinde wa mvua, maana jicho huona mipaka pale ambapo namba hazina mpaka.

Khanga nyingi zina kama sentimita 150 kwa 110, pima yako. Ukiacha pindo la sentimita 15 kila upande, mji unabaki 120 kwa 80. Mistari 44 ya sentimita 2.5 inachukua 110, na 10 zilizobaki unazigawa pande mbili. Fremu za wachapaji wa fulana ni ndogo mno kwa upana huo, kwa hiyo chapa mara mbili: 1981 hadi 2002, kisha 2003 hadi 2024, kila nusu ikiwa na sentimita 55. Miaka ya nusu hizo haifanani, hivyo skrini ni nane, si nne. Weka hilo kwenye bajeti mapema. Omba wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita na rangi ya kuchapia pamba inayochanganywa kwa maji.

Kitambaa kipya kina wanga. Kifue na kukipiga pasi kwanza. Wanga huzuia rangi kuingia kwenye nyuzi, na kufua baada ya kuchapa kutakunyima vipimo vyako kwa sababu pamba hurudi. Anza na rangi hafifu, malizia na iliyokolea, na palipo na mistari miwili yenye rangi jirani, acha iliyokolea ipande juu ya hafifu kwa milimita moja. Usipofanya hivyo utaona uzi mweupe kati ya miaka, na mtu atausoma kama mwaka wa wastani. Rangi ikishakauka, piga pasi ya moto wa pamba upande wa nyuma, dakika tatu hadi tano kila eneo.

Jina la khanga lisidai kuliko mistari. Ukiona kahawia na bluu zinapishana, huwezi kuandika kwamba mvua zimekwisha.

Ukitaka kuchapa joto la mtaa badala ya mvua, hiyo ni kazi ya setilaiti za Landsat 8 na 9, ambazo kwa pamoja hupita kila siku nane, saa nne asubuhi hivi. Basi usiandike "joto la mchana". Pia ni joto la uso wa ardhi, si la hewa, na bati jipya linalong'aa hutoa mionzi kidogo ya joto, kwa hiyo linaweza kuonekana la baridi kuliko lilivyo. Mafuriko ya Jangwani nayo usiyategemeze kwenye rada ya setilaiti ya Sentinel-1 peke yake: maji hushuka kabla haijapita tena, na kuta za nyumba huvuruga mwangwi. Huko, ramani zilizochorwa na wananchi kupitia mradi wa Ramani Huria zina faida kubwa zaidi.

Kabla ya kuchapa doti nyingi, tundika moja pale watu wanapokaa, kwa mama lishe au ofisi ya serikali ya mtaa, ukiwa umeomba ruhusa kwa mwenyekiti. Usiulize "mmeelewa?" kwani utaitikiwa ndiyo. Uliza "mwaka uliozaliwa ulikuwaje?" na unyamaze. Akishindwa kuupata mstari wake, tatizo liko kwenye maandishi ya miaka kwenye pindo. Yaongeze ukubwa, mwaka mmoja kila baada ya mitano. Na kila khanga iende na karatasi yenye namba zote 44, jina la data, mpaka uliotumika na tarehe ya kupakua, ili mwalimu wa jiografia anayetaka kuirudia hesabu na darasa lake asilazimike kukutafuta.